Faili la mama lilibaki hospitali nyingine

Mama yangu hawezi kutumia dawa za salfa, kundi la dawa za kuua vijidudu. Tulilijua hilo miaka mingi iliyopita, alipomeza SP, dawa yenye salfa ndani yake, kwa ajili ya malaria, mwili ukamtoka malengelenge na mdomo ukachubuka ndani hadi akashindwa kumeza uji. Alilazwa siku 4. Daktari aliyemhudumia aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la faili lake kwamba mgonjwa huyu asipewe salfa. Tukashukuru, tukarudi nyumbani, na jina la dawa likatutoka. Tulichobaki nacho ni "ile dawa ya malaria iliyomdhuru mama".

Mwaka juzi akashikwa na homa na maumivu wakati wa kukojoa. Tukampeleka hospitali nyingine, kubwa zaidi, yenye kompyuta kila dirisha. Mapokezi walimwandikisha upya na kumpa namba mpya. Daktari akamuuliza, "Mama, kuna dawa yoyote inayokudhuru?" Mama akajibu, "Ya malaria, mwanangu." Malaria haikuonekana kwenye vipimo, basi jibu lile likapita. Akaandikiwa Septrin, na Septrin ni salfa. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, midomo imevimba, anajishika koo.

Alipona, alhamdulillahi. Yule daktari simlaumu. Kwenye skrini yake mama alikuwa mtu asiye na historia, na ule wino mwekundu ulikuwa umbali wa safari ya daladala moja.

Viongozi wetu wana msemo kwa tatizo hili: mifumo haisomani. Hapa Tanzania, vituo vingi vya serikali chini ya TAMISEMI vinatumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendeshea hospitali na vituo vya afya. Hospitali binafsi zina programu zao, kila moja ilinunua kwa muda wake na kwa fundi wake. Kila programu inamjua mgonjwa kwa namba yake yenyewe, na namba hiyo haina maana yoyote ukivuka geti.

Nilidhani wizarani wanayaona yote haya. Muuguzi mmoja, jirani yetu, ndiye aliyenifungua macho. Zile takwimu zinazopanda kila mwezi kutoka kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za kila kituo, kwenda DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu za afya za nchi nzima, ni hesabu: wagonjwa wangapi wa malaria, wajawazito wangapi wamehudhuria, watoto wangapi wamechanjwa. Zinasaidia sana kupanga dawa na bajeti. Lakini mama yangu ndani yake ni tarakimu moja. Salfa yake haimo.

Kuongeza kompyuta peke yake hakutoshi, na hilo wenzetu wamelilipia. Marekani ilipitisha sheria ya HITECH mwaka 2009 na kumwaga mabilioni ya dola ili hospitali na madaktari waache karatasi. Karatasi zilipungua, lakini mifumo mingi iliendelea kuzuiana. Mwaka 2016 ikabidi Bunge lao lipitishe sheria nyingine, 21st Century Cures Act, inayokataza kuzuia taarifa za mgonjwa bila sababu ya msingi. Kwa hiyo kiongozi akija kuzindua kompyuta wilayani kwako, mpigie makofi, kisha muulize zitasomana na nani.

Wakati tunasubiri, nakushauri ubebe historia yako mwenyewe. Hilo si geni kwetu. Mjamzito anatembea na kadi yake ya kliniki, na mkunga yeyote, hata wa mkoa mwingine, akiifungua anaona kundi la damu, presha, wingi wa damu na tarehe ya kujifungua. Mtoto naye ana kadi yake ya chanjo. Tukishakuwa watu wazima ndipo tunabaki mikono mitupu, na hapo ndipo presha na kisukari vinapotukuta.

Nilimnunulia mama daftari dogo lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una mambo machache, kwa herufi kubwa: jina kamili, dawa zisizomfaa, magonjwa ya kudumu, dawa anazotumia sasa pamoja na miligramu na mara ngapi kwa siku, na simu yangu. Andika jina la dawa lililo kwenye boksi, pia lile la kitaalamu lililo chini yake kwa maandishi madogo. Hilo la pili ndilo lingemwokoa mama, kwa sababu salfa imejificha ndani ya majina mengi ya kibiashara. Kurasa zinazofuata zina tarehe, hospitali, namba ya faili ya hapo na kilichogunduliwa.

Siku ya kuruhusiwa usikubali kutoka na risiti tu. Omba karatasi ya ruhusa inayoeleza ugonjwa, vipimo na dawa, na kama mwandiko hausomeki, mwombe muuguzi akusomee uandike mwenyewe. Nimewahi kuambiwa "faili ni mali ya hospitali". Karatasi ni yao, sawa, ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako walizonazo na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukikwama, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Makosa yenyewe angalieni mapema. Mama ana majina matatu tofauti kwenye makaratasi matatu: NIDA wameandika Mwanahamisi, bima Mwanahamis, na faili la zamani Mwanaamisi. Mwaka wa kuzaliwa nao umekadiriwa mara mbili. Mifumo ikija kusomana, kompyuta itaona wanawake watatu, na salfa itabaki kwa mmoja wao. Sahihisheni majina sasa, kila mahali yafuate kitambulisho cha taifa.

Kuna upande wa pili ambao uliniuma mimi binafsi. Mama alipolazwa nilipiga picha majibu yake ya maabara nikamtumia dada yangu. Dada akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili watu wamwombee. Kabla ya magharibi shangazi alikuwa amempigia mama akimuuliza habari za figo, jambo ambalo daktari alikuwa hajamweleza mwenyewe. Mama alinitazama akasema, "Mwanangu, mwili wangu umeutangaza?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nawaelewa wanaoogopa mifumo kusomana. Wapo wanaopanda basi kwenda kuchukua dawa za VVU kwenye CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, wilaya nyingine ili jirani asiwaone, na woga wao una sababu. Sheria inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa kawaida inataka ridhaa ya maandishi kabla hazijatumiwa. Basi ukipewa fomu ya ridhaa, isome kabla ya kusaini. Uliza: nani ataona, kwa kazi gani, na je, mfumo unaweka kumbukumbu ya nani alifungua faili langu? Tabibu anayenitibu aone salfa. Karani wa dirisha la malipo hana haja ya kuona majibu ya VVU. Mfumo mzuri unaweza kuwatenganisha hao wawili vizuri zaidi kuliko faili la karatasi linalopita mikononi mwa kila mtu koridoni, na hilo ndilo tunalopaswa kulidai.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye ile hospitali ya kwanza kuomba nakala ya faili la mama. Walilitafuta stoo kwa saa mbili. Jalada limeliwa pembeni na mchwa, lakini wino mwekundu bado unasomeka. Nimeupiga picha, nimeuchapa, na nimeugundisha ndani ya daftari. Picha hiyo sijamtumia mtu.