Uvimbe ndani ya moyo: usikubali kuishia kwenye dawa za pumu

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii kwamba mama yake kaonekana na uvimbe ndani ya moyo, na ukoo mzima unalia utadhani msiba umeshaingia. Mdogo wangu, futa machozi kwanza. Mimi nilitolewa wangu, na leo napanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kupumzika.

Wangu ulikuwa maiksoma. Uvimbe wa moyo ni nadra, lakini kwa watu wazima huu ndio unaoonekana zaidi kati ya ule usio saratani, na wanawake tunaupata kuliko wanaume. Mara nyingi huota chumba cha juu upande wa kushoto, umeshikwa na kikonyo kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Moyo ukidunda, donge linashuka na kuziba valvu, yaani mlango wa kupitishia damu. Ndiyo maana nikilala ubavu mmoja pumzi ilikuwa inakata, nikigeuka inarudi.

Habari hiyo ya kugeuka niliisema sana kule nilikokuwa natibiwa. Nikapewa dawa ya kuvuta ya pumu. Nilipokonda na homa za jioni zikaanza, wakasema kifua kikuu, na makohozi hayakuonyesha kitu. Yule daktari alikuwa anaandika bila hata kunitazama usoni. Mpaka leo roho inaniuma.

Aliyeniokoa ni daktari kijana wa hospitali ya rufaa. Alinisikiliza moyo nikiwa nimekaa, akanilaza, akasikiliza tena, kisha akaagiza eko, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Wanakupaka jeli ya baridi kifuani, hakuna maumivu. Nikauona mwenyewe kwenye skrini, unaingia na kutoka mlangoni mwa valvu. Bila eko, wengi hudhaniwa wana valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, maana dalili zinafanana mno. Kwa hiyo ukiwa na dalili kama zangu, dai eko. Usione aibu kudai!

Dawa ya kuyeyusha maiksoma hakuna. Unafunguliwa kifua, mashine inashika kazi ya moyo na mapafu, donge linakatwa pamoja na shina lake. Daktari wa upasuaji Clarence Crafoord alifanya hivyo Stockholm, Sweden, mwaka 1954, na sisi leo tunafunguliwa moyo hapahapa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. (Kwa watoto ni tofauti: rabdomaioma, uvimbe wao wa kawaida, mara nyingi hunywea wenyewe.)

Ninachowasihi ni msicheleweshe. Kipande kikimeguka kikaenda ubongoni, ni kiharusi. Wapo watakaosema tujaribu mitishamba kwanza. Waheshimuni, lakini mpelekeni mgonjwa hospitali, na mdai eko.

Mama akishapona, aendelee kupimwa eko kama atakavyopangiwa, kwa sababu mara chache uvimbe hurudi. Na kama kuna ndugu aliyewahi kuwa nao, mwambieni daktari mapema, ili na nyinyi watoto mpimwe.