Hypo na hyper: sisi wa mlimani tunavyozitofautisha

Mkuu uliyeuliza utayashikaje maneno ya Kiingereza yanayoanza na hyp- kabla ya mtihani wa huduma ya kwanza wa waongoza watalii: achana na kukariri orodha. Mimi niko Moshi, napandisha wageni Kilimanjaro, na maneno haya ndiyo kazi yenyewe.

Asili yake ni Kigiriki. Hyper ni juu ya, au kupita kiasi. Hypo ni chini ya, au pungufu. Huku kwetu tuna njia ya mkato: hypo tunaitamka "haipo", basi maana tunaibeba humo humo. Hypoxia, oksijeni haipo ya kutosha mwilini. Hypoglycemia, sukari haipo ya kutosha kwenye damu. Hypothermia, joto haipo (mwalimu wa Kiswahili atalia, ni "halipo", lakini kichwani linakaa), yaani joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35. Pale kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo hypoxia utakutana nayo hata usipoisoma. Na mgeni anayehema mbio mbio mpaka vidole vinaingia ganzi, huyo huenda ni hyperventilation.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloleta balaa. Mwingereza akitamka hypothermia na hyperthermia, ile r haisikiki, na kwenye redio yenye upepo huwezi kuyatofautisha. Tiba zake zinapingana: mmoja unamfunika, mwingine unampoza. Ndiyo maana redioni mimi nasema "baridi imemzidi" au "joto limemzidi", basi. Utaalamu tuuache kwenye karatasi ya mtihani.

Ile "haipo" nayo ina mahali inapokwama. Sindano ya hypodermic: ngozi ipo palepale, ila dawa inapita chini yake. Hypothesis vilevile, ni wazo lililowekwa chini ili hoja isimame juu yake. Hypnosis usiichanganye kabisa, imetoka kwa Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki.

Hyperbole ni kutia chumvi. Inatamkwa hai-PA-bo-li, mkazo kwenye "pa". Kwenye mtihani huo sidhani kama utaiona, ila wageni wakishafika geti la Mweka, la kutokea mlimani, wanaanza kusimulia walivyopanda, utazisikia za kutosha.