Landrover 109 ya 1978 au ya 1982? Nenda na nyundo kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nalima vitunguu Mang'ola huku Karatu, natafuta Landrover 109 pikapu ya kutolea mzigo shamba. Nimepata mbili, zote Siriz 3 za petroli. Moja kadi inasema 1978, bodi imepondeka kila mahali. Nyingine 1982, rangi mpya, chini imepakwa lami yote safi kabisa, na mwenye nayo anataka milioni 2 na nusu zaidi kwa sababu anasema ni faivu beringi. Kutu hainisumbui maana bodi ni aluminiamu. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Nianze na hiyo faivu beringi maana ni fupi. Dalali wako kwenye hilo hajadanganya, ni kweli mwaka 1980 ile injini ya cc 2286 ilibadilishwa, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikawa inashikwa na beringi kubwa 5 badala ya 3. Inatulia zaidi ukiivuta mwendo na krenki haichoki haraka. Lakini wewe unatoka Mang'ola na magunia kwenye vumbi, hutafika mwendo ambao utaisikia hiyo tofauti, na hizi za beringi 3 nimezifungua nyingi tu zimekula miaka 30 ndio kwanza zinaomba ovaholi. Linalokuhusu ni spea, krenki na seti ya beringi ya moja haiingii kwa nyingine, kwa hiyo lazima ujue unayo ipi kabla hujatuma mtu dukani. Vingine hizo mbili ni ndugu, giaboksi zote zina sinkronaizi (gia inaingia bila kukwaruza) gia zote 4 za mbele, difu ya nyuma zote wanatakiwa wawe na ile Salisbury kubwa ya kifuniko cha mviringo. Nasema wanatakiwa kwa sababu gari ya miaka 40 na zaidi imeshapita mikono mingi, unaweza kukuta kadi ya 1982, injini ya 1975, grili ya plastiki ya Siriz 3 imefungwa kwa skrubu kwenye Siriz 2A ya kabla yake, na difu ya mjomba wake nani sijui. Mwaka wa kwenye kadi ni mwaka wa kadi. Angalia namba ya injini inavyoanza, ndiyo itakuonyesha ni injini ipi, halafu namba ya chasisi imegongwa pale mbele kulia inaposhikia springi, ilinganishe na kadi namba kwa namba. Kama pale pamekwanguliwa au pamechomelewa usiulize kwa nini, ondoka, hayo ni ya kwako na polisi na TRA baadaye.

Sasa hiyo sentensi yako ya mwisho. Kutu hainisumbui maana bodi ni aluminiamu. Hii naisikia kila wiki na kila wiki inanipandisha presha. Bodi ndiyo aluminiamu, walianza nayo 1948 kwa sababu baada ya vita chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza. Lakini gari halikai juu ya bodi jamani! Chasisi ni chuma, ukuta wa mbele unaoshika milango na usukani ni chuma, na hiyo chasisi sio chuma kizima, ni bati nne za unene wa kama milimita 2 zimechomelewa zikawa boksi, ndani ni wazi. Tope linaingia, matundu ya kutolea maji yanaziba, maji yanalala humo masika mpaka masika. Inaoza kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo siku unayoona kutu kwa macho ujue umechelewa miaka kadhaa, na muda wote huo bodi juu inang'aa haina habari. Hata hiyo aluminiamu yenyewe penye kugusana na chuma pakiwa na unyevu inaliwa, inatoa unga mweupe kama chokaa, angalia chini ya milango utauona.

Ndio maana wewe umeniandikia "lami yote safi kabisa" kama sifa, mimi nimesoma nikashtuka. Lami juu ya chuma kizuri kilichokwanguliwa sina ugomvi nayo. Lami mpya kwenye gari linalouzwa wiki hii ni blanketi limefunika maiti. Kuna mteja alikuja kwangu na 109 nyeupe katoka kuinunua, lami bado inanukia, anataka tu kubadilisha bushi za springi. Nikaweka jeki chini ya chasisi, nikapampu mara nne tano, gari halinyanyuki ila jeki inapanda. Nikainama na tochi. Kichwa cha jeki kimezama ndani ya chasisi, lami imevutika kama utando wa maziwa, na kutu inamwagika sakafuni kama majani ya chai. Tulipokwangua tukakuta kiraka, debe la mafuta ya kupikia limekunjwa likachomelewa pointi sita, maandishi yanasomeka. Na huyo "fundi" alilipwa. Yule mteja alikaa kwenye ndoo pale gereji karibu saa nzima bila kuongea.

Haya, vipimo. Chukua nyundo ndogo ya kawaida na bisibisi ya zamani, lala chini. Anza nyuma kabisa, ile krosimemba ya mwisho, yaani chuma kinachokatiza chasisi upande hadi upande, ndiyo inakufa ya kwanza, halafu mikono ya pembeni inayobeba bodi, halafu zinaposhika springi. Gonga. Chuma kizima kinalia, kinakuitikia, na nyundo inaruka mkononi. Kilichooza kinatoa sauti ya gunia, bwef, nyundo inabaki pale pale. Ukisikia bwef weka bisibisi usukume kwa nguvu ya mkono, ikiingia umeshapata jibu. Krosimemba ya nyuma peke yake ikiwa mbovu sio mwisho wa dunia, inakatwa inawekwa nyingine. Ila ikiwa imeoza katikati, kwenye boksi kuu lenyewe, mimi siwekei kiraka gari la kubeba magunia na watu juu yake, nishamwambia mtu hivyo akaenda kwa mwingine, shauri yake. Uingereza wapo wanaotengeneza chasisi nzima mpya zilizochovywa zinki, lakini kuileta mpaka Karatu pengine utanunua na hiyo ya 78 na chenji.

Na ninyi wengine mnaosoma hapa mnaotafuta gari hizi za kizamani, iwe Landrover, iwe Hilux ya mdomo mrefu, acheni kununua kwa macho na kwa maneno ya "imefanyiwa ovaholi fulu". Nimefungua injini nikakuta oili ya difu ile nzito namba 140 imewekwa ili isitoe moshi siku ya mnunuzi. Nimefungua giaboksi nikakuta grisi imeshindiliwa ili isilie. Asubuhi fika bila kuaga, shika rejeta, ikiwa ya moto ujue wameshaipasha kabla hujaja, na ikishawaka fungua kifuniko cha oili uone kama inapumua kama sufuria ya ubwabwa, ikipumua hivyo injini imechoka. Kulipa advansi kabla gari halijanyanyuliwa, mimi hata sijui nisemeje.

Wewe wa Mang'ola, hizo pondaponda za bodi ya 78 ni bahati yako, anayeacha bodi hivyo mara nyingi hata lami hana mpango nayo, utaona chuma kilivyo. Mwenye ya 82 muombe ukwangue lami sehemu tatu tu upana wa kiganja, mojawapo iwe juu ya ekseli ya nyuma. Akikataa rudi kwa ya 78 na nyundo yako, ugonge kisha unitumie picha ya krosimemba, piga na flashi.