Kidonge cha saa kumi jioni

Kwa miezi mitatu ya mwaka 2022 nilimdanganya mama yangu, nikamdanganya daktari wangu, kwa sababu ya kidonge kidogo nilichoandikiwa kihalali kabisa. Naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye anatumia dawa kama yangu na ameanza kuhesabu vidonge kwa wasiwasi.

Nina tatizo la upungufu wa umakini, lile ambalo hospitalini wanaliita ADHD. Liligunduliwa nikiwa na miaka 31, baada ya kuitwa mzembe tangu shule ya msingi. Nikaandikiwa methilfenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin: miligramu 10 asubuhi, 10 nyingine saa sita mchana. Ilinisaidia. Wiki ile ya kwanza nilisuluhisha hesabu za benki za mwezi mzima bila kunyanyuka kwenye kiti, nikaenda chooni nikalia. Kwa hiyo tafadhali, usisome makala hii ukatupa dawa yako.

Shida ilikuja na msimu wa bajeti. Anayefanya kazi za fedha Dodoma anaijua Aprili hadi Juni: Bunge limekaa, nyumba za wageni zimejaa, na saa tano usiku bosi anapiga simu anataka jedwali jipya.

Kidonge cha aina yangu hufanya kazi kwa takriban saa nne. Kinaziacha dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, zikae muda mrefu zaidi kati ya seli za ubongo, kisha nguvu yake inaisha. Kila ikifika saa kumi jioni nilikuwa nashuka: kichwa kizito, hasira za karibu, machozi yasiyo na sababu. Nikadhani ugonjwa umezidi. Nikameza cha tatu. Hicho cha tatu kikaninyima usingizi hadi saa tisa usiku, asubuhi nikaamka nimechoka, nikameza viwili kwa mpigo ili nifike ofisini. Kufikia Mei sikuwa natibu umakini tena. Nilikuwa natibu uchovu ulioletwa na dawa yenyewe.

Mtaani hali ile ya jioni ina jina: arosto. Nimelisikia miaka yote likisemwa juu ya mateja, wale waliozama kwenye heroini, na sikuwaza kwamba linaweza kunihusu mimi mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni. Lakini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili unaiweka methilfenideti kundi moja na amfetamini, dawa nyingine ya kuchangamsha ubongo, chini ya udhibiti mkali, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kuhusu matumizi mabaya na uraibu lisasishwe kwenye dawa zote za kundi hili. Cheti cha daktari hakiondoi hatari hiyo. Kinachoipunguza ni kufuata dozi.

Mama aliona kabla yangu. Alikuwa amekuja kutoka Mvumi, akanipikia ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho tangu utotoni sijawahi kukibakiza. "Mwanangu, hiki chakula unakichezea tu," akasema. Nikamjibu nimekula ofisini. Sikuwa nimekula kitu tangu jana yake.

Vidonge 60 vya mwezi wa sita viliisha tarehe 19. Nikaenda kliniki na hadithi kwamba kopo limedondoka kwenye bajaji. Daktari, dada mdogo kwangu kwa umri, hakubishana. Akaniuliza tu: "Dada, Jumapili unameza vingapi, na unavimeza kwa ajili ya nini?" Sikuwa na jibu. Jumapili hakuna jedwali wala bosi.

Jiulize swali hilo. Kama unameza ili ukeshe, ili uchovu upungue, au ili usisikie ile ya jioni, rudi kwa aliyekuandikia umwambie idadi ya kweli. Usiache ghafla peke yako kama umekuwa ukizidisha. Uchovu na huzuni vinavyofuata vinaweza kuwa vizito hadi mtu akatamani kufa. Na usimgawie rafiki anayejiandaa na mtihani. Hujui moyo wake wala presha yake.

Hapa mjini kuna kikwazo kingine, nacho ni neno Mirembe, jina la hospitali ya magonjwa ya akili. Kwetu limekuwa tusi. Ukikosea kidogo watu wanauliza umetoroka lini. Mimi nilipewa rufaa kwenda huko, nikapita getini mara mbili nikijifunika mtandio, nikiogopa kuonwa na mtu wa ofisini. Mara ya tatu nikaingia. Ndani nilikuta benchi, foleni na watu wa kawaida wakisubiri kuitwa, kama kliniki nyingine yoyote.

Daktari alibadilisha dozi taratibu na akanipangia muda wa mwisho wa kumeza, ambao hauvuki saa saba mchana. Jioni zikabaki ngumu kwa wiki kadhaa.

Mama sasa anaishi nami. Kopo linakaa kwenye sanduku lake la kanga. Kila asubuhi ananihesabia viwili, cha mchana nakifunga kwenye karatasi, na hanipi cha kwanza mpaka aone bakuli la uji limebaki tupu.