Angalizo, tahadhari, onyo: lipi ni lipi?

SWALI: Naishi Minnesota, Marekani, pamoja na mama mkwe wangu. Simu ikileta taarifa ya theluji humtafsiria, na neno langu ni moja tu: "tahadhari". Juzi, kwa taarifa ya "Watch", aligoma kwenda kliniki. Siku mbili baadaye ikaja "Warning", akavaa koti akatoka zake kwenda dukani. Nimtafsirieje?

JIBU: Ndugu msomaji, mama hana kosa. Alisikia neno lilelile mara mbili, na mara ya kwanza hakuona kitu.

Tahadhari ni kazi ya anayeambiwa: mtu huchukua tahadhari, tena kabla ya hatari, kama methali isemavyo. Neno hilo halimwelezi hatari imefika wapi. Onyo linatokana na kuonya, na kuonya kumezaliwa na kuona: ni kumfanya mtu aone kilichopo. Angalizo ni la kuangalia; jambo bado liko mbali, ila usiliondolee macho.

Basi "Watch" mwambie ni angalizo: dhoruba huenda ikaja, na huu ndio wakati wa kwenda dukani na kuchukua dawa. "Warning" ni onyo: dhoruba kali imefika au i karibu kufika, tukae ndani. "Advisory" iachie tahadhari: hali mbaya inakuja, si kali kama ya onyo, anayetoka aende polepole.

Kama mama amezoea taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mfafanulie zaidi. Kule angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi za ukali, na angalizo ndilo la chini. "Watch" yaeleza uhakika, si ukali. Yaweza kutangulia dhoruba kubwa kuliko zote za mwaka. Asilidharau.

Chunga pia mvua inayoganda. Ukimtajia "mvua" peke yake, atachukua mwavuli na kutoka. Mvua hiyo hushuka ikiwa maji, ikigusa ardhi iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi inakuwa barafu nyembamba, na lami huonekana kana kwamba imelowa tu. Hapo usiseme theluji. Theluji hukanyagika, barafu humwangusha mtu mlangoni pake.

Lipo na neno atakalokuambia yeye: ganzi. Sisi tumezoea ganzi ya mguu uliokaliwa, tunaingoja ipite. Ya baridi haingojwi. Kidole kikifa ganzi na kupauka, mwingize ndani, kiloweke katika maji ya uvuguvugu, wala usikisugue. Akitetemeka mno, au akiacha kutetemeka huku ulimi umekuwa mzito na maneno hayaeleweki, joto la mwili limeshuka. Mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi, piga 911.