Binti anataka uhandisi, ndugu wanamkatisha tamaa

SWALI: Shikamoo, Mama Mhandisi. Mimi ni mkulima wa viazi hapa Uyole, Mbeya. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), anataka uhandisi wa ujenzi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Baba zake wadogo wanasema hiyo ni kazi ya wanaume, atapata digrii kisha akae nyumbani. Nimshauri aombe ualimu?
Mzazi, Uyole

JIBU: Marahaba, baba. Mwache aombe uhandisi.

Hao baba wadogo wamekosea kuhusu kazi, lakini kwenye kukaa nyumbani wamegusa penye kidonda. Ripoti ya UNESCO ya 2021 inasema wanawake ni asilimia 28 tu ya wahitimu wa uhandisi duniani. Marekani, mwaka 2021, walikuwa asilimia 35 ya wafanyakazi wote wa sayansi na teknolojia, ila humo wamo hadi watu wa afya. Ukiwachambua wahandisi peke yao, idadi inaporomoka.

Kwetu, mtihani wenyewe huanza baada ya joho. Ili asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mtaalamu, mhitimu anahitaji uzoefu chini ya msimamizi. Mpango wa bodi wa kuwanoa wahitimu, SEAP, ni wa miaka mitatu. Hapo ndipo nimeona mabinti wakikwama. Mvulana anapelekwa saiti kusimamia zege, anajaza zege kwenye moldi za milimita 150, siku ya 28 anashuhudia vipande hivyo vya zege vikivunjwa maabara kupima nguvu yake. Binti anaachiwa mafaili na simu za ofisini, eti saiti kuna vumbi. Miaka ikiisha, daftari lake la mafunzo halina cha kusainiwa. (Na choo cha saiti kimoja, hakina komeo. Hilo nalo ni la uhandisi, sijui kwa nini wanaume hawalioni.)

Kwa hiyo akianza kazi, kila Ijumaa muulize: wiki hii umesimamia nini? Akijibu "nimechapa barua" mara mbili mfululizo, aende kwa msimamizi wake adai saiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, na inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Asikubali kutishwa kwamba akizaa ndiyo basi.

Ualimu ni kazi njema, kama ameutaka mwenyewe.

Kabla hajaenda mafunzo kwa vitendo, mpitishe sokoni Mwanjelwa achague buti za saizi yake. Za stoo ya kampuni huwa za wanaume.