Ukija Tokyo, sushi ule wapi?

Kila mwaka mwezi wa tatu mwishoni maua ya sakura yakianza kuchanua na simu yangu nayo inaanza. Dada nakuja Tokyo siku tano, nipeleke kwenye sushi ya ukweli, ule wali wa siki wa Kijapani wenye kipande cha samaki juu, mara nyingi mbichi. Mwaka huu wamekuja wanne, wawili wa Dar, mmoja wa Mombasa, na binamu yangu wa Muscat ambaye ntamrudia huko chini, na wote swali ni hilohilo, kwahiyo nimeona niandike mara moja nikiulizwa nitume linki tu maana nimechoka kurekodi voisi za dakika saba.

Nianze na aibu yangu ili tuelewane. Mwaka wangu wa kwanza huku nilijinyima miezi mitatu nikaenda kwenye kaunta moja ya Ginza, mtaa wa kitajiri wa Tokyo, jina nalihifadhi, viti vinane tu, menyu hamna, unakaa mpishi anakupa anachotaka yeye kimoja kimoja, wanaita omakase, yaani nakuachia wewe. Yen elfu thelathini. Sasa mimi mtoto wa Tanga, siku kubwa kama ile natokaje bila kujifukiza? Nikafukiza gauni, nikafukiza koti, mtandio ndo usiseme, nikaingia mle ndani kama bi harusi. Nakaa tu, mzee wa pembeni kavuta kiti chake kidogo. Kipande cha tatu hivi, mama mhudumu akaja akachuchumaa pembeni yangu kwa adabu zote, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kunitunzia koti langu kule nje. Nikampa, nikadhani ndo huduma ya kitajiri. Nimekuja kuelewa wiki mbili baadae nilipomsimulia mwenzangu kazini akafunika uso na mikono. Kule kaunta harufu ni nusu ya chakula, kuna samaki weupe ladha yao ni ndogo mno, ukiingia na udi umewaharibia watu wote nane, na sehemu nyingi wanaandika kabisa usije na manukato. Mimi mwenyewe ukiniuliza ile sushi ilikuwaje ntakwambia ilikuwa na ladha ya udi.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, usianzie juu. Wageni wengi wanakuja na majina ya kwenye video, Sukiyabashi Jiro sijui nini, ile ilipewa nyota tatu za Michelin, kile kitabu cha kupima migahawa, 2007 halafu 2019 ikatolewa kwenye kitabu, siyo kwamba ilishuka, ni kwamba mtu wa kawaida hapati nafasi ya kubuku. Huna siku tano za kupigia simu hoteli ikubembelezee kiti. Na ukibuku hizi sehemu usipotokea unalipishwa, nyingine hela yote, huku hamna habari ya samahani foleni ya magari.

Mimi sushi nimeipendea kwenye sehemu ya kula umesimama. Inaitwa Uogashi Nihon-Ichi, ziko kadhaa, Shibuya ipo, Shinjuku ipo. Huna kiti, una upana wa mabega yako tu mbele ya kaunta, unataja samaki mpishi anakufinyangia palepale anakuwekea mbele yako, unaokota na mkono (ndiyo, mkono, ruksa kabisa, waacheni wanaohangaika na vijiti), unakula, unataja mwingine. Robo saa umemaliza. Na ukifikiria hivyo ndivyo ilivyoanza, miaka ya 1820 huko Tokyo ikiitwa bado Edo, mtu anayetajwa sana ni Hanaya Yohei, hiki chakula kilikuwa cha vibanda vya barabarani, cha mafundi na wachukuzi wenye haraka, kipande kikubwa kuliko cha leo. Ni sawa na sisi na mihogo au pweza wa jioni. Haya mambo ya kunong'ona mbele ya mpishi yamekuja baadae.

Pale ndo nikagundua kitu ambacho natamani ningeambiwa mapema: sushi ni wali. Siyo samaki. Jamani sisi tumelelewa na wali wa nazi, mama akifunua sufuria anajua kwa macho tu kama umechambuka au umeshikana, halafu tukifika huku tunasahau yote tunamkodolea macho jodari. Neno lenyewe sushi linahusu uchachu wa siki. Wali unapikwa, ukiwa wa moto unanyunyiziwa siki yenye chumvi na sukari, unachanganywa kwa kukata na mwiko siyo kuponda, huku unapepewa. Ukiletewa unatakiwa uwe na joto kama la mkono wako, ushikane vidoleni lakini ukifika mdomoni uachane wenyewe. Sehemu nyingine wanatumia siki nyekundu inayotokana na machicha ya sake, pombe ya mchele, yaliyokaa miaka, wali unakuwa na rangi kidogo, usidhani umeungua. Ukiuma ukakuta baridi na mgumu kama kiporo cha friji, lipa ulichokula nenda zako, hata samaki angekuwa nani.

Na kuhusu samaki kuna somo lingine ambalo kwa mtu wa pwani linauma. Mimi nilikuwa natumwa Deep Sea, soko la samaki la kwetu Tanga, na nimefundishwa, angalia jicho, funua shavu liwe jekundu, bonyeza. Kwetu samaki ni wa leo au siyo samaki. Huku jodari mzuri anaachwa siku kadhaa kwenye ubaridi mpaka ladha ikae, akiliwa siku ileile ni mgumu na hana kitu. Wengine wanatiwa chumvi na siki, mkunga anachemshwa taratibu anapakwa sosi nzito, yote hayo yametoka enzi ambazo barafu haikuwepo. Ndo maana sehemu za kizamani ukiagiza salmoni mpishi anaweza kukwambia hamna. Salmoni mbichi ni ujio wa Wanorwe miaka ya 1980 wanatafuta soko, wa porini wa huku ana minyoo, zamani Wajapani walikuwa wanamchoma. Siyo kwamba usile, mimi nakula, ila usimpime mpishi kwa salmoni.

Haya, sehemu sasa.

Kama una watoto au mfuko mwembamba, nenda za mkanda, zile sahani zinakupitia mezani kwenye mkanda unaotembea, bila aibu: Sushiro, Kura, Hama Sushi. Sahani zilikuwa yen mia miaka na miaka, Sushiro wakapandisha Oktoba 2022, saivi zinaanzia mia na kitu kutegemea na mtaa, katikati ya jiji ni ghali zaidi. Mkanda wenyewe ulianza 1958 kule Higashi-Osaka, bwana Yoshiaki Shiraishi aliona chupa za bia zinavyotembea kiwandani akasema na sushi itembee. Lakini ukitegemea kuona sahani zinazunguka unaweza kukuta mkanda umelala, kwa sababu mwanzoni mwa 2023 kulisambaa video ya kijana analamba chupa ya sosi na kugusa sushi za wenzake, basi wengi wakazima. Sasa unaagiza kwenye tableti, chagua Kiingereza, sahani inakuja mbio kwenye reli yake. Wasabi, ile ya kijani inayowasha puani, mara nyingi haimo, iko kwenye vipakiti. Kura ukirudisha sahani tano kwenye tundu la mezani kamchezo kanakuja kwenye skrini unaweza kushinda kikaragosi, mwanangu alinilisha sahani kumi na tano kwa ajili ya hicho kikaragosi.

Ukitaka mkanda wa daraja la juu ni Nemuro Hanamaru, wa Hokkaido hao, kisiwa cha kaskazini, wako ghorofa ya 5 jengo la KITTE, ukitoka stesheni ya Tokyo ni hapo hapo. Chukua namba, nenda kazurure, rudi. Kama unakwenda saa sita mchana wikiendi hiyo ni kesi yako mwenyewe. Pale ndo nilikula uni mara ya kwanza nikaelewa. Uni ni yule mdudu wa miiba wa baharini, yule yule tuliyekuwa tunamkanyaga maji yakipwa tunarudi nyumbani tunalia bibi anatupaka utomvu wa papai. Hapa ndo anauzwa bei ya dhahabu. Ila angalizo, uni ya bei rahisi inatiwa shabu ili isiyeyuke na inaacha uchungu nyuma ya ulimi, watu wanaonja hiyo wanasema uni mbaya. Bora ule kipande kimoja cha bei kuliko vinne vya shabu.

Midori nayo inasifiwa na inastahili, nyumbani kwao ni Umegaoka kwenye laini ya treni ya Odakyu ila Shibuya na Ginza wapo, vipande vikubwa, mkunga anamwagika nje ya wali. Foleni ndefu.

Soko sasa. Watu wote wanataka Tsukiji, soko la samaki la zamani. Mnada wa samaki ulihamia Toyosu tarehe 11 Oktoba 2018, Tsukiji pamebaki soko la nje, vibanda na migahawa, pazuri kutembea asubuhi lakini siku hizi ni watalii tupu na bei zimeshajua hilo. Sushi Dai na Daiwa Sushi zilihamia Toyosu na mnada, na watu wanaamka usiku kupanga foleni. Nilifanya mara moja, ilikuwa tamu, sirudii. Hayo masaa ungelala. Mnajua ile habari ya jodari wa kilo 278 aliyenunuliwa yen milioni 333.6 tarehe 5 Januari 2019? Ni Kiyoshi Kimura, mwenye Sushizanmai, na tukiwa wakweli ile siyo bei ya samaki ni bei ya tangazo. Hiyo Sushizanmai ya Tsukiji ndiyo iliyojulikana kwa kukesha wazi saa 24 tangu 2001. Nafika hapo nikitoka uwanja wa ndege na njaa zangu, nakula, sijawahi kujuta wala kushangaa.

Lakini ninapokula mimi kwa hela yangu ni mchana kwenye vijiduka vya mtaani. Toka kwenye hayo majina, panda treni vituo vitano, tafuta mlango wa kuvuta wenye pazia fupi la kitambaa, ndani mzee na mkewe. Jioni hapo utalipa elfu kumi na zaidi, mchana mzee yuleyule na samaki walewale anauza seti kuanzia elfu moja na mia tano mpaka elfu tatu. Utaona daraja tatu, nami, jo, tokujo, yaani kawaida, nzuri, nzuri zaidi. Chukua jo. Beba keshi. Sosi ya soya chovya upande wa samaki, ukichovya wali unavunjika unaogelea kwenye kibakuli na mzee anakuangalia kwa huruma. Wasabi ishawekwa ndani, kama hutaki sema sabi nuki. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha ulimi katikati, siyo kachumbari, usiipange juu ya samaki.

Na jioni kama umechoka, ingia chini ya maduka makubwa, ghorofa ya chakula, au supamaketi yoyote, kuanzia saa moja na nusu usiku hivi anapita kijana na stika. Kwanza za asilimia ishirini, tulia. Halafu anarudi na nyekundu, hangaku, nusu bei. Wamama wanasogea taratibu kama hawana habari, mwenyewe nimejifunza huo mwendo. Wali utakuwa umekaza kidogo, ndo bei yake. Soma na lebo: pweza mara nyingi ameandikwa Mauritania au Morocco. Mara ya kwanza nilisimama pale nimeshika pakiti, mwenzangu wa Afrika katangulia kufika kabla yangu.

Ndugu zangu Waislamu, samaki ni samaki lakini waulizeni kuhusu mirin, pombe tamu ya kupikia, na sake kwenye siki ya wali, na sosi nyingi za soya zina pombe kidogo ya kuhifadhia, ile sosi nzito ya mkunga ndo zaidi. Asakusa kuna Sushi Ken inayojulikana kwa cheti cha halali, piga simu kwanza uhakikishe. Mimi siyo mufti, kila mtu na moyo wake.

Binamu wa Muscat nilimpeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwangu. Sasa vibua kwa Kijapani ni saba. Mzee anashika kipande anamuonyesha, anauliza, "Saba?" Binamu anatikisa kichwa kwa heshima kabisa, "Hapana mzee wangu, saba nyingi, mbili zinatosha," na kanyoosha vidole viwili. Akaletewa vibua viwili. Nilicheka mpaka mke wa mzee akaja kuuliza kulikoni, nikamweleza, naye akacheka, akaniambia na wao wana msemo, kusoma saba, maana yake kuchakachua hesabu. Binamu alikula vipande kumi na moja siku ile. Wiki iliyopita namsikia kwenye grupu la familia anasimulia alikula ishirini.